Gesi ndani ya nyumba ya mabati: tunayoambiana na ukweli wake

Julai ikifika na baridi yake ya mawingu, wengi wetu tunaopanga vyumba vya mabati hapa Nairobi huziba kila tundu kwa matambara na katoni, kisha jiko la gesi huachwa likiwaka ili chumba kipate joto. Walio kwenye makontena yaliyogeuzwa nyumba hufanya vivyo hivyo. Kuna maneno hurudiwa kila msimu, na kila nikiyasikia roho yangu haitulii.

"Mabati yana nafasi, gesi ikivuja itatoka yenyewe."

Nafasi hizo ziko juu, ukuta unapokutana na paa. Gesi ya kupikia ni propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani kama mara moja na nusu, butani kama mara mbili. Ikivuja hutambaa sakafuni, ikajaa chini ya kitanda, ikangoja cheche. Gesi ikifika asilimia 2 hivi ya hewa, inaweza kulipuka. Chumba cha futi 10 kwa 10 hufikia kiwango hicho kwa gesi isiyotimia hata kilo moja, na mtungi mdogo wa meko una kilo 6. Kwa hiyo tundu la kukuokoa ni la chini, karibu na sakafu, lenye wavu wa kuzuia panya, na lisizibwe hata kuwe na baridi namna gani. Kontena ndilo baya zaidi, maana liliundwa lisiingize maji ya bahari. Usipolitoboa chini na juu, halipumui.

"Nisiposikia harufu, niko salama."

Hili ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Gesi yenyewe haina harufu. Ile tunayoisikia hutiwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Jiko likishawaka, harufu hiyo huungua pamoja na gesi. Hewa ya chumba ikipungua, moto huanza kutoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo damu huishika zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Kichwa huuma, kichefuchefu huja, usingizi hulemea, na mtu hudhani ni malaria au uchovu wa kazi. Moto wa bluu ukigeuka wa manjano na sufuria zikashika masizi, zima jiko na ufungue mlango. Jiko la makaa ndani ya chumba ni hatari zaidi, hata makaa yakionekana yamefifia.

Wapo wanaosema: "Mbona Marekani nyumba za kuhamishika hupashwa joto kwa gesi?" Ni kweli, lakini mtambo wao umeundwa mahsusi kwa nyumba hizo. Mahali pa moto pamefungwa kabisa, hewa huvutwa kutoka nje na moshi hurudishwa nje kwa bomba. Hita isiyo na bomba, au bana ya meko, haifanyi kazi hiyo. Usilale ikiwaka.

Kupima uvujaji kwa kiberiti, hapana. Paka maji ya sabuni kwenye regyuleta na kote mpira unapoungana; povu likivimba, funga mtungi.

Kuweka mtungi nje ni wazo zuri, ndani ya kizimba cha chuma chenye matundu chini, ukiwa umesimama wima. Lakini ukitoboa bati kupitisha mpira, ncha ya bati huukata polepole kama kisu. Mwambie fundi apitishe mpira ndani ya kipande cha bomba la chuma.

Na ukisikia harufu usiku, usiguse swichi, hata ya kuzima taa. Funga mtungi kama unaufikia, fungua mlango, toa watoto. Kisha mwamshe jirani, kwa maana gesi hupenya chini ya bati linalowatenganisha, na huenda jiko lake linawaka.