Kijiti cha Ethi na Nondo wa 1947

Natengeneza kompyuta hapa Mwanga, Kigoma mjini. Mteja haleti mashine peke yake, huleta na maelezo yake, na si mara moja nimegundua kwamba maelezo hayo ndiyo yaliyoiua mashine. Mengine ni ya umeme, mengine ya historia, kwa sababu vijana wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo, umeme ukikatika, hawana la kufanya ila kubishana nani alitengeneza kompyuta ya kwanza. Nimekusanya yanayojirudia. Ya umeme nimeyapima kwa multimita. Ya historia hayapimiki hivyo, ila yana daftari zake.

“Tundu la juu ni pambo, chomeka kijiti tu”

Karibu kila duka ninaloingia nakuta chaja ya pini mbili imelazimishwa kwenye soketi ya matundu matatu, na kwenye tundu la juu kuna kijiti, kifuniko cha peni au, Mungu atusamehe, bisibisi. Kijiti hufungua vile vilango vya ndani, pini mbili zinaingia, maisha yanaendelea. Hapo watu wamehitimisha kwamba kazi ya tundu la tatu ni kufungua vilango.

Kazi yake ni ethi. Waya wa moto ukilegea ndani ya mashine na kugusa kasha la chuma, umeme upite huko kwenda ardhini, mkondo uwe mkubwa ghafla, fyuzi au sakiti breka ikate. Ukiweka kijiti, mashine yako haina njia hiyo. Ukiweka bisibisi, umeshika chuma ambacho hujui aliyefunga waya za nyumba alikiunganisha na nini.

Mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla alinipigia akisema kompyuta ya dukani kwake ina jini: kila akigusa kasha linamtekenya vidole, na akiwa pekupeku ndiyo linazidi. Nikamwambia, “Mama, usimwite shehe kwanza, nakuja na mita.” Nikapima kati ya kasha na bomba la chuma linaloingia ardhini. Volti 110 na ushei.

Ndani ya pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, kuna kichujio cha kuzuia mchafuko wa umeme, chenye kapasita mbili ndogo, yaani vipande vinavyohifadhi umeme. Moja inatoka kwenye waya wa moto, nyingine kwenye nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, na zote zinakutana kwenye kasha. Ethi ikiwepo, kinachovuja huteremka ardhini kimya kimya. Isipokuwepo, kasha linabaki katikati, na nusu ya 230 ni 115. Mkondo wenyewe ni mdogo, kwa kawaida chini ya miliampea moja, ndiyo maana hutekenya badala ya kukurusha. Ila siku insulesheni ya waya wa moto itakapoungua, kasha hilo hilo litabeba volti zote 230, na hapo halitatekenya.

Kabla ya siku hiyo kuna hasara ndogo ndogo. Ukichomeka waya wa printa au wa skrini kati ya vifaa viwili visivyo na ethi, ile tofauti ya volti hutafuta pa kupita, nayo hupita kwenye poti. Nimezika poti nyingi za namna hiyo huku wenyewe wakiilaumu printa.

Na soketi kuwa na matundu matatu si ushahidi. Kuna nyumba za zamani ambazo ukifungua soketi, nyuma ya tundu la ethi hakuna waya wowote. Penye waya wa kijani na njano, ufuate hadi nje uone kama kweli unaishia kwenye fimbo iliyozamishwa ardhini. Nimewahi kuukuta umekatwa na watu wa chuma chakavu. Kupima ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Anachotafuta ni kwamba kati ya moto na ethi asome karibu sawa na kati ya moto na nyutro. Duka la yule mama halikuwa na fimbo kabisa.

“Nimevaa kandambili, umeme haunipati”

Kandambili huzuia njia moja, ya mkono hadi mguu, tena zikiwa kavu na hazijatoboka. Njia ya mkono hadi mkono haijali umevaa nini: kushoto umegusa waya, kulia umeegemea kasha lenye ethi, katikati kuna moyo. Mafundi wa zamani wa redio walifundishana kuweka mkono mmoja mfukoni wanapopima kitu chenye umeme mkubwa. Hawakuwa wakiringa.

“Nimeshazima, naweza kuifungua”

Kompyuta ya mezani ukiizima kwa kitufe bado iko macho. Maadamu waya uko ukutani na swichi imewashwa, pawa saplai inaendelea kupeleka volti 5 za kusubiri kwenye mazabodi, ile bodi kuu. Ndizo zinazofanya kitufe kiitike. Ukichomoa ramu wakati huo, unaichomoa kwenye kitu kilicho hai. Toa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili kilichobaki kiishe.

Pawa saplai yenyewe ni habari nyingine. Kapasita zake kubwa hujaa hadi takriban volti 325, kwa kuwa kilele cha umeme wa 230 ni mara 1.41 ya kipimo hicho. Huwa kuna rezista ya kuzimwaga taratibu baada ya kuchomoa. Lakini wewe unaifungua kwa sababu imeharibika, na kilichoharibika huenda ni rezista hiyo hiyo. Kwa mwanafunzi sina majibu mawili: usiifungue, badilisha nzima. Skrini za kizamani zenye mgongo, ambazo bado zimepangwa kwenye stoo za ofisi zikingoja mnada, ni mbaya zaidi. Kioo chenyewe huhifadhi umeme, na tunazungumzia volti 20,000 na kwenda juu.

“Kompyuta ya kwanza ilipowashwa, taa za mji mzima zilififia”

Hii vijana wanaipenda, maana Kigoma tunajua taa kufifia; mji huu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli. Mashine inayosemwa ni ENIAC, ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, iliyooneshwa kwa umma Februari 1946. Ilikuwa na valvu karibu 18,000, vile vitaa vya kioo vilivyokuwa kwenye redio za babu zetu, uzito wa karibu tani 27, na ilikula takriban kilowati 150. Sasa piga hesabu: ni kama mashine kumi za kusaga zenye mota ya kilowati 15 kila moja. Mji mkubwa wa viwanda haushtuki kwa mashine kumi za kusaga. J. Presper Eckert, aliyeiunda pamoja na John Mauchly, aliulizwa uzeeni akasema hadithi hiyo ni ya kutungwa.

Panya ndiyo kweli. Eckert huyo huyo alieleza kwamba walijua panya hutafuna insulesheni, kwa hiyo walikusanya waya za kila aina, wakazitia kwenye kizimba chenye panya, na wakatumia zile tu ambazo panya walizikataa. Nilipowasimulia vijana hilo, mmoja alinyanyua waya wa mashine iliyotoka ghala la mahindi, umetafunwa hadi shaba inang’aa, akauliza kwa nini kiwanda hiki hakikuwa na panya.

ENIAC ina jingine linalotufaa. Valvu zake nyingi zilikufa wakati wa kuwasha na kuzima, zinapopata moto na zinapopoa, hivyo waendeshaji wakaona bora wasiizime. Tommy Flowers wa Uingereza alikuwa ameshalijua jambo hilo kutoka kwenye kazi yake ya mitambo ya simu. Kompyuta za leo hazina valvu, lakini sekunde ya kuwasha bado ni ngumu: kapasita tupu huvuta mkondo mkubwa kwa mpigo. Ongeza na umeme unaorudi baada ya kukatika, friji na pampu zote za mtaa zikianza pamoja, volti zikipanda na kushuka. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, kunywa chai kwanza, kama dakika tano hivi.

Na je, ndiyo ya kwanza? Hapo ndipo ubishi unapochemka, kwa sababu kila mmoja ana “kwanza” yake. Konrad Zuse alikuwa na Z3 ikifanya kazi Berlin mwaka 1941, kwa relei, yaani swichi zinazovutwa na umeme, na programu ikisomwa kutoka kwenye utepe. Colossus ya Flowers ilianza kazi ya kuvunja siri za Wajerumani Bletchley Park mwaka 1944, lakini ilifichwa hadi miaka ya 1970, na mashine iliyofichwa haisifiwi. Marekani kwenyewe, mwaka 1973 jaji alifuta hataza ya ENIAC na kusema kwamba wazo la kompyuta ya elektroniki lilitoka kwa John Atanasoff. Ya kwanza kuendesha programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe ni ile ndogo ya Manchester, tarehe 21 Juni 1948. Mimi humuuliza anayebisha: ya kwanza kufanya nini? Akikosa jibu, anapewa ufagio. Binti pekee kwenye kundi la mwaka jana aliuliza swali bora kuliko hayo: nani waliiandikia ENIAC programu? Ni wanawake sita, Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman, na kwa miaka mingi walionekana kwenye picha bila kutajwa majina.

“Hitilafu inaitwa mdudu kwa sababu ya nondo”

Kwa Kiingereza hitilafu ya kompyuta huitwa bug, yaani mdudu. Na hapa ni nondo mdudu, si nondo za ujenzi. Tarehe 9 Septemba 1947 waendeshaji wa kompyuta ya Mark II huko Harvard walimkuta nondo kwenye relei namba 70 ya paneli F. Wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, wakaandika kwamba hicho ni kisa cha kwanza cha kweli cha mdudu kupatikana. Daftari liko makumbusho ya Smithsonian, na nondo wake yumo.

Isome tena sentensi yao. Anayeandika “cha kweli” anatania, na utani huo hauna ladha kama neno halikuwa likitumika tayari. Thomas Edison alilitumia kwenye barua ya mwaka 1878 kwa kasoro ndogo ndogo za vitu alivyobuni. Grace Hopper, mtaalamu wa programu wa Marekani ambaye watu humpa sifa ya kumkamata nondo, si yeye aliyemkuta. Alipenda tu kusimulia kisa hicho, na alikisimulia vizuri mno.

Wadudu wenyewe, lakini, si hadithi. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hufuata mwanga wa skrini, mabawa yakajaa kwenye feni. Sisimizi hutaga ndani ya pawa saplai yenye joto. Wasafishe kwa mashine ya kupuliza, ukiwa umeishika feni isizunguke. Ikizungushwa kwa kasi na upepo huzalisha umeme na kuurudisha kwenye mazabodi. Na usipulize kwa mdomo. Mate ni maji yenye chumvi.

“Radi ikipiga, zima swichi ya ukutani”

Nafasi iliyo ndani ya swichi iliyozimwa ni milimita chache. Hewa ya milimita moja hushindwa na takriban volti 3,000, na radi haina volti za kuhesabu kwa elfu. Chomoa plagi, chomoa na waya wa mtandao, na fanya hivyo mawingu yanapojikusanya upande wa Kongo, kabla hayajavuka ziwa.

“Betri la laptopu likivimba, toboa litoe hewa”

Usitoboe. Ndani kuna matabaka yanayotenganishwa na utando mwembamba sana. Ncha ikiupasua, matabaka yanagusana, joto linapanda lenyewe, na moto wake hauzimwi kwa kufunika na shuka. Acha kuchaji, litoe bila kulipinda kama linatoka, liweke kwenye chombo cha chuma chenye mchanga, nje. Chooni na jalalani si mahali pake.

“Kunywa maziwa, moshi utatoka kifuani”

Wachomeleaji, wapaka rangi na sisi tunaolehemu, wote tumelelewa na imani hii. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko mapafuni. Moshi wa kulehemu hutoka zaidi kwenye dawa iliyo ndani ya waya wa risasi, na unaweza kukuletea pumu usiyokuwa nayo. Fungua dirisha, weka feni ndogo iuvute pembeni, usiinamie kazi. Risasi yenyewe hupita mikononi, kwa hiyo nawa kwa sabuni kabla ya kushika ugali na mgebuka. Maziwa kunywa kwa sababu ni matamu.

“Kompyuta zililetwa nchini na intaneti”

Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wake, marufuku iliyokuja kulegezwa baadaye. Baba zetu wengi walikua bila kuiona hata moja, ndiyo maana wanadhani hazikuwepo.

Yule mama wa dagaa sasa ana fimbo ya shaba nyuma ya duka, na kompyuta haitekenyi. Nilipita juzi kumsalimia. Kijiti bado kipo kwenye soketi ya pembeni, kinashikilia chaja ya simu.