Je, kitu kikiungua hupotea?

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba kuni au mshumaa ukiungua, sehemu kubwa ya maada yake hutoweka. Imani hiyo inaeleweka, kwani gesi zinazotoka hatuzioni.

Lakini katika mmenyuko wa kikemikali, yaani vitu vinapogeuka kuwa vitu vingine kama katika kuungua, atomi (chembe ndogo mno zinazounda kila kitu) haziangamii wala haziumbwi. Hupangwa upya tu. Tazama gesi ya methani inapoungua: CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O. Hesabu mwenyewe kila upande: kaboni 1, hidrojeni 4, oksijeni 4. Gramu 16 za methani hutumia gramu 64 za oksijeni, na hapo hupatikana gramu 44 za kaboni dioksidi na gramu 36 za maji. Kushoto 80, kulia 80. Ndiyo maana mlinganyo, yaani mstari kama ule wa hapo juu, husawazishwa ili atomi za kila aina zilingane pande zote mbili, tena bila kugusa nambari ndogo zilizo ndani ya fomula, kama ile 4 ya CH₄, maana ukizibadilisha umeandika kitu kingine kabisa.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni hili: pima kwa mizani nyeti nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria, zichome juu ya bati, mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha zipime tena zikishapoa. Utazikuta zimeongezeka uzito, kwa sababu chuma kimeungana na oksijeni ya hewani.