Dar hadi Mwanza kwa ndege: hesabu tunazozikosea

Anayewahi mgonjwa hospitali ya Bugando, Mwanza, hana nafasi ya kukosea hesabu ya safari. Nayaandika haya kwa sababu nasikia makosa yaleyale kila mara.

Dhana: Ndege hukata kilomita zilezile za basi.
Basi hupita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100. Angani, kiwanja hadi kiwanja, ni kama 850. Ukikuta pameandikwa 460, hujadanganywa: hizo ni maili za baharini wanazotumia marubani, na kila moja ni kilomita 1.852.

Dhana: Muda wa kwenye tiketi ni muda wa kuwa hewani.
Hapa ndipo wengi hukwama. Gawa 850 kwa mwendo wa jeti, kama kilomita 830 kwa saa, utapata saa moja na dakika chache. Mbona basi ratiba husema kama saa moja na nusu? Kwa sababu inahesabu tangu ndege inapotoka kwenye maegesho ya Dar mpaka inaposimama kwenye maegesho ya Mwanza. Safari yangu ya mwisho niliangalia saa ya mkononi: dakika 14 zilipita magurudumu yakiwa bado chini, tukingoja wenzetu wapae. Halafu ndege hupaa ikiukabili upepo, popote unakotokea, ndipo igeuke kufuata njia yake. Kupanda na kushuka nako haiendi kwa kasi ile kubwa. Nilipoona majabali ya Mwanza dirishani nilikwishashika mkoba, kumbe bado tulikuwa tuzunguke juu ya ziwa ili kujipanga na njia ya kutua.

Dhana: Pangaboi itakuchelewesha mno.
Ile ya injini za panga, kama Dash 8-400, huenda karibu kilomita 670 kwa saa. Kwa Mwanza inaachwa na jeti kama robo saa. Kwa Unguja, kilomita 70 na ushei, tofauti huioni.

Dhana: Kwenda magharibi ni haraka kwa kuwa dunia inazunguka.
Hewa inazunguka pamoja na dunia. Kinachoongeza au kupunguza dakika ni upepo. Wanaosafiri Kigali ndio huchanganyikiwa zaidi: saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, hivyo kwenda huonekana kufupi na kurudi kurefu.

Dhana: Saa ya tiketi ni saa yetu ya Kiswahili.
Hili linaniuma. Shangazi yangu alikuwa anawahi mazishi Nyegezi. Tiketi iliandikwa 10:40, naye akasoma saa kumi na dakika arobaini, alasiri. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini asubuhi. Ndege ilipoondoka, yeye alikuwa bado nyumbani Tabata, anapiga pasi kanga za msibani.