Lubaina Himid: mchoraji anayetaka umzunguke

Kila jina la Lubaina Himid linapotajwa kwenye mihadhara yetu ya sanaa, swali la kwanza kutoka kwa wasikilizaji huwa si la rangi wala turubai. Wanauliza: huyu ni Mzanzibari au Mwingereza? Jibu la kwenye makaratasi ni rahisi. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, visiwa vikiwa bado na Sultani na chini ya himaya ya Waingereza. Baba yake alifariki kwa malaria, na mama yake, Mwingereza mbunifu wa vitambaa, akarudi naye kwao mtoto akiwa na miezi minne. Miezi minne haimfundishi mtu kukaa, sembuse kusema. Anayeutafuta Uzanzibari wa Himid kwenye kumbukumbu za utotoni, za mikarafuu na ngalawa, ataambulia patupu. Mimi humshauri autafute kwingine: katika namna picha zake zinavyomlazimisha mtazamaji kusogea, kusoma na kujibu. Anayejua kusoma kanga hapati tabu kumwelewa.

Hakuanza na uchoraji. Alisomea ubunifu wa majukwaa ya tamthilia katika chuo cha sanaa cha Wimbledon, London, akahitimu mwaka 1976. Wengi hulitaja hili kwa sentensi moja na kupita, nami naona tukiliruka hatutaelewa kazi zake za baadaye. Mbunifu wa jukwaa hatengenezi kitu cha kutundika ukutani kikaangaliwa kwa mbali. Anatengeneza mahali ambapo watu wataingia, watageuka, watapishana. Anajua plaiwudi, misumari na rangi inayoonekana hata kutoka kiti cha nyuma. Anajua pia kwamba kila kitu cha jukwaani kina upande wa pili ambao hadhira haioneshwi.

Kazi zake za mwanzo zilizojulikana ni za miaka ya 1980, na zina utani mkali. Mwaka 1984 alichukua shuka la kitandani akalifanya turubai, akaichora upya picha ya Picasso ya wanawake wawili wanaokimbia ufukweni. Kwake wanawake hao ni weusi, wamevaa nguo za rangi, mbwa wanawatangulia, na nyuma yao kuna vichwa vya wanaume weupe waliofukiwa mchangani. Aliiita *Freedom and Change*, yaani uhuru na mabadiliko. Picasso mwenyewe alijifunza mengi kwa vinyago vya Afrika bila kuwaomba ruhusa waliovichonga, kwa hiyo tuseme hapo deni lilikuwa linarudishwa.

Uingereza ya miaka ile ilikuwa ya Waziri Mkuu Margaret Thatcher na ya ghasia za Brixton, mtaa wa London, za mwaka 1981. Milango ya majumba makubwa ya sanaa ilikuwa imefungwa kwa wachoraji weusi, na kwa wanawake weusi ilikuwa imefungwa kwa kufuli mbili. Himid hakusubiri kufunguliwa. Alianza kuandaa maonyesho mwenyewe: mwaka 1983 alikusanya wanawake watano katika Africa Centre, London, na mwaka 1985 akakusanya wasanii kumi na mmoja katika jumba la sanaa la ICA, London. Nafasi waliyopewa ICA ilikuwa ukumbi wa kupitia, korido. Onyesho likaitwa *The Thin Black Line*, mstari mwembamba mweusi, na jina hilo linabeba kejeli ya nafasi yenyewe. Wanaosoma historia ya sanaa ya Uingereza leo hawawezi kuiruka korido ile.

Mwaka uliofuata alitengeneza *A Fashionable Marriage*, na hapo ujuzi wa jukwaa ukajitokeza waziwazi. Alichukua tukio moja kutoka kwenye mfululizo wa picha za William Hogarth, mchoraji wa Kiingereza wa karne ya 18, kuhusu ndoa ya kitajiri iliyooza, akalijenga upya kwa watu wa mbao waliokatwa kwa kimo cha binadamu. Thatcher yumo, na Rais Ronald Reagan wa Marekani yumo akimbembeleza. Yumo pia mhakiki wa sanaa. Mtumishi mweusi, ambaye kwa Hogarth yuko pembeni kama pambo, hapa amekuwa msanii, naye ndiye mwenye akili kuliko wote chumbani.

Baadaye Himid aliondoka London, akahamia Preston, mji wa Lancashire kaskazini mwa Uingereza, akawa mwalimu na kisha profesa katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire. Uhamisho huu ulikuwa na maana, kwa sababu Lancashire ilijengwa kwa pamba. Viwanda vyake vya karne ya 19 vilikula pamba iliyochumwa na watumwa kusini mwa Marekani, na vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipozuka huko mwaka 1861, pamba ikakatika na njaa ikaingia majumbani mwa wafanyakazi. Pamoja na njaa hiyo, wafanyakazi wa Manchester walikutana siku ya mwisho ya mwaka 1862 na kumwandikia Rais Abraham Lincoln barua ya kumuunga mkono dhidi ya utumwa. Himid aliishika habari hiyo. Katika kazi yake ya mwaka 2002, *Cotton.com*, picha ndogo ndogo nyingi za nyeusi na nyeupe zimepangwa ukutani kama vipande vya kitambaa, na wazo lake ni kwamba michoro hiyo ni mazungumzo kati ya mfumaji wa Lancashire na mchumaji wa ng'ambo ya Atlantiki, watu wawili wasioonana lakini walioshika uzi mmoja.

Hapa pwani tuna la kuongezea. Kitambaa cheupe tulichokiita merikani kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, tangu miaka ya 1830, nacho kilifumwa kwa pamba ya mashamba yaleyale ya watumwa. Kikapakiwa kwenye misafara ya bara, kikabadilishwa na pembe za ndovu na watu. Maana yake mtumwa wa Mississippi alichuma pamba iliyokuja kumnunua mtumwa wa Ujiji. Sijui mfano mwingine unaoonesha vizuri zaidi kwa nini mchoraji anaweza kukaa Preston akachora pamba na bado akawa anaizungumzia Zanzibar.

Lakini kazi ya kukaa nayo muda mrefu ni *Naming the Money* ya mwaka 2004. Ni watu wa mbao mia moja, wa kimo cha mtu, wamesimama sakafuni kama wageni kwenye karamu. Ni Waafrika waliopelekwa kuwa watumishi katika majumba ya kifalme na ya kitajiri ya Ulaya, wamegawanywa katika kazi kumi, kila kazi watu kumi: wapiga ngoma, wacheza dansi, waganga wa mitishamba, wafinyanzi, washona viatu, wachora ramani, watengeneza vitu vya kuchezea watoto, wafundishaji wa mbwa, wapiga viola da gamba, ala ya zamani ya nyuzi, na wachoraji wa picha. Rangi zinawaka. Ukisimama mbele yao unaona sherehe tupu.

Nenda nyuma. Mgongoni mwa kila mmoja kuna karatasi mfano wa zile za daftari la hesabu, na juu yake mistari mitano mifupi. Mstari wa kwanza unataja jina lake la asili. Wa pili, jina wanalomwita sasa. Wa tatu, kazi aliyokuwa akiifanya kwao. Wa nne, kazi anayoifanya huku ugenini. Wa tano ni kitu kidogo alichobaki nacho ambacho hakuna bwana anayeweza kukichukua. Mara mia moja, majina mawili mawili, na sauti ya msanii mwenyewe ukumbini ikiyasoma.

Sasa fikiria kanga. Maandishi yake hatuyaiti methali wala ujumbe tu, tunayaita jina. Na jina la kanga hukaa mgongoni. Anayevaa halioni, anayekutana naye uso kwa uso halioni pia. Unalisoma akishakupita. Himid amewavalisha watu wake mia moja hivyo hivyo, na hataki tu usome, anataka upite katikati yao, uinamishe kichwa na kuwazunguka mmoja mmoja kama anayetafuta ndugu kwenye umati. Kuangalia kwa mbele peke yake ndiko walikokufanya matajiri wa Ulaya walipowachora watumishi wao pembeni mwa picha za familia.

Suala la majina mawili nalo si la Ulaya peke yake. Katika pwani yetu watumwa walipewa majina ya Mabruki, Baraka na Faraji, majina ya bahati aliyotarajia bwana. Yule kiongozi wa misafara ya karne ya 19, Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa India, historia inamjua kama Sidi Mubarak Bombay. Mubarak ni jina la Kiarabu, Bombay ni mji. Jina aliloitwa na mama yake halipo popote. Kazi hii ya Himid ilipewa jumba la makumbusho ya utumwa la Liverpool, International Slavery Museum, mwaka 2013, na Liverpool ni mahali pake hasa, kwa maana meli nyingi za biashara hiyo ziling'oa nanga katika bandari ile.

Mwaka 2007 Uingereza iliadhimisha miaka mia mbili tangu ilipopiga marufuku biashara ya watumwa. Maadhimisho ya aina hiyo huwa na tabia ya kujisifu. Himid alikwenda madukani kununua vyombo vya mitumba, sahani, mabakuli, majagi na mabirika, akachora juu yake na kupata seti ya vyombo mia moja kwa ajili ya jumba moja la makumbusho la Lancaster, bandari ya nne kwa ukubwa katika biashara ya watumwa ya nchi hiyo. Kwenye sahani nyingine kuna nyuso tulivu za watumishi weusi. Kwenye nyingine kuna mabwana na mabibi wa Lancaster wanaotapika kwa kusikia kwamba biashara imekwisha. Mezani, juu ya vyombo vya kulia. Kazi inaitwa *Swallow Hard*: umeze, hata kama haiteremki.

Mwaka huohuo alianza kuchora juu ya kurasa za gazeti la *The Guardian*. Alikuwa ameona kwamba picha za watu weusi, hata wanapoandikwa kwa kusifiwa, huwekwa karibu na vichwa vya habari vinavyowadhalilisha. Akawa anafunika maneno kwa nakshi na kuiacha picha. Gazeti hilo linajihesabu kuwa la wenye fikra huru, na ndiyo sababu akalichagua. Kazi hii binafsi naiona ndogo ukiilinganisha na wale watu mia moja wa mbao, lakini kwa kufundisha wanafunzi namna ya kusoma gazeti haina mfano.

Kanga yenyewe aliishika kwa mikono miwili baadaye. Mwaka 2018, katika jumba la BALTIC mjini Gateshead, alitundika vitambaa alivyovichora kwa mpango wa kanga, pindo, mji (sehemu ya katikati) na maneno, maneno yakiwa ni mistari ya washairi weusi. Vilifungwa kwenye kamba na kapi ili mtembeleaji avute, apandishe hiki na kushusha kile, na kuyapanga maneno atakavyo. Mwaka 2019, New Museum ya New York, akaleta *Metal Handkerchiefs*: umbo la kanga juu ya bati, na mahali pa jina ameweka sentensi za mwongozo wa usalama kazini, zile zinazokuambia namna ya kushika ngazi au kupumzika. Mwanamke wa Unguja anayempiga mwenzake kijembe kwa kanga angecheka. Amri kavu ya kiwandani, ikishavikwa pindo, inakuwa kijembe.

Zanzibar kama mahali ameichora mara chache, na kwa kujizuia. Kuna mfululizo wa mwaka 1999, baada ya kurudi visiwani ukubwani, ambao hauna mtu wala jengo la kutambulika. Ni michirizi, mawimbi na mvua. Moja inaitwa *Women's Tears Fill the Ocean*, machozi ya wanawake yamejaza bahari. Aliyetegemea milango ya Mji Mkongwe ataondoka mikono mitupu, nami namheshimu msanii kwa hilo. Alikwenda kukutana na msiba wa baba asiyemjua.

Katika *Old Boat/New Money* ya mwaka 2019 bahari imerudi tena: mbao ndefu zimeegemezwa ukutani kama ubavu wa jahazi lililobomolewa, na juu yake zimechorwa kauri. Huko Afrika Magharibi kauri zilikuwa fedha. Nyingi zilizotumika karne ya 19 zilikusanywa pwani yetu, kampuni za Hamburg zikazinunua Zanzibar na kuzipeleka melini upande wa pili wa bara. Na katika *Six Tailors*, ya mwaka huohuo, mafundi cherehani sita wamekaa kuzunguka meza, kila mmoja na rangi yake ya kitambaa. Mmoja anataka kusema neno na bado hajalisema. Anayepita vibarazani karibu na Darajani, Unguja, atawajua.

Heshima zilichelewa. Tuzo ya Turner, kubwa kuliko zote katika sanaa ya Uingereza, ilikuwa na sharti kwamba mshindanishwa awe chini ya miaka 50. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2017, na mwaka huohuo Himid akaichukua mjini Hull akiwa na umri wa miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Jumba la sanaa la Tate Modern, London, likamfanyia onyesho kubwa kuanzia Novemba 2021. Kwa maonyesho ya sanaa ya kimataifa ya Biennale ya Venice, Italia, ya mwaka 2026, British Council ikamteua kuiwakilisha Uingereza katika banda lake. Mwaka 2022 banda hilohilo lilikuwa la Sonia Boyce, aliyeondoka na Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya maonyesho hayo. Boyce naye alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja waliotundikwa kwenye korido mwaka 1985.