Kuikosoa Israeli na kuwachukia Wayahudi: mpaka uko wapi?

Chuki dhidi ya Wayahudi ni kumshuku, kumbagua au kumdhuru mtu kwa sababu tu ni Myahudi. Kuikosoa serikali ya Israeli ni jambo jingine kabisa. Anayelaani mabomu yanayoanguka Gaza, au anayepinga makaazi ya walowezi Ukingo wa Magharibi, anazungumzia siasa. Waisraeli wenyewe huikosoa serikali yao kila siku. Mwaka 2023 walijaa mitaa ya Tel Aviv wiki baada ya wiki kupinga mpango wa kupunguza nguvu za mahakama.

Mpaka huvukwa pale lawama inapoiacha serikali na kumwangukia Myahudi yeyote aliye karibu. Machi 2012, mtu mwenye bunduki alivamia shule ya Kiyahudi mjini Toulouse, Ufaransa, akaua mwalimu na watoto watatu, kisha akadai analipiza kisasi cha watoto wa Palestina. Watoto wa Toulouse waliamua nini kuhusu Palestina?

Wakati mwingine chuki hujificha nyuma ya lugha ya siasa. Baada ya vita vya Juni 1967 kati ya Israeli na majirani zake Waarabu, serikali ya kikomunisti ya Poland ilivunja uhusiano na Israeli. Wanafunzi walipoandamana Machi 1968 kudai uhuru, wakubwa wakadai kwamba wachochezi ni "Wazayuni", yaani wafuasi wa Uzayuni, harakati ya kuwa na taifa la Wayahudi katika nchi ya Israeli. Kwa jina hilo watu walifukuzwa kazi vyuoni, magazetini na jeshini. Wengi hawakuwahi hata kukanyaga Israeli, na wengine walikitumikia chama kwa miaka mingi; kilichowaunganisha ni asili yao ya Kiyahudi. Takriban 13,000 waliihama nchi. Kwenye stesheni ya Gdański mjini Warsaw walipanda treni wakiwa na hati ya safari iliyoeleza kwamba mwenye nayo si raia wa Poland. Ndiyo maana nashauri tusiishie kwenye maneno ya mkosoaji, tuangalie pia ni nani anayeumia.

Alama nyingine ni uzushi wa kale unaovishwa nguo mpya: kwamba Wayahudi wanaiendesha dunia kwa siri. Uzushi huo ulienezwa na Itifaki za Wazee wa Sayuni, maandishi yaliyochapishwa Urusi mwaka 1903. Gazeti la The Times la London lilithibitisha mwaka 1921 kuwa ni ya kughushi, lakini hadi leo yana wanaoyaamini.

Pana ubishi wa kweli pia. Tafsiri ya chuki dhidi ya Wayahudi iliyotolewa mwaka 2016 na IHRA, muungano wa nchi zinazotunza kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, inakubali kwamba kuikosoa Israeli kama inavyokosolewa nchi nyingine yoyote si chuki, ila baadhi ya mifano yake inahusu Israeli yenyewe. Wasomi waliotoa Azimio la Jerusalem mwaka 2021 walijibu kwamba kuupinga Uzayuni au kususia bidhaa za Israeli si chuki kwa jambo hilo pekee. Kenneth Stern, mwandishi mkuu wa rasimu ambayo IHRA iliijengea tafsiri yake, amepinga hadharani kuitumia kudhibiti mijadala vyuoni. Naona ana haki. Mpalestina anayeilaani serikali iliyombomolea nyumba hajamchukia Myahudi yeyote, na kumpachika tuhuma hiyo ni kumdhulumu mara ya pili.