Uchangiaji gharama: jamani, mgonjwa hachangii, analipa

Juzi tena kwenye redio jamaa anasema wananchi "wamehamasika kuchangia" huduma za afya, mi nikaona sasa basi, hili neno tuliseme.

Kwa kifupi, uchangiaji gharama ni ule utaratibu wa mgonjwa kutoa hela anapotibiwa hospitali ya serikali: faili, kipimo, dawa. Kwa Tanzania ulianza 1993, kabla ya hapo ilikuwa bure, ila hali ya bajeti ilikuwa mbaya na serikali ikataka kupunguza mzigo. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza wana msamaha, kwenye makaratasi. Maana ndo hiyo, hamna zaidi.

Sasa neno lenyewe. Kuchanga ni watu wengi kutoa kidogo kidogo ili mmoja asiaibike, iwe harusi, msiba au ada ya mtoto, na mwenye shida ndo anachangiwa. Wiki iliyopita kwenye pochi ya mama mdogo nimekuta kadi ya mchango wa harusi imekunjwa pamoja na risiti ya hospitali, yaani kwenye kadi mtaa mzima unamchangia binti wa jirani, kwenye risiti yupo yeye peke yake na presha yake, eti naye kachangia. Kachanga na nani? Halafu hata hiyo gharama, kwa Kiarabu ilikotoka maana yake ni faini, kwa hiyo kwa hasira zangu naisoma kama faini ya kuumwa.

Mchango wa kweli upo. Ile asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi inayoenda kwenye mfuko wa taifa wa bima ya afya (NHIF), 3 yake na 3 ya mwajiri, inakatwa uwe mzima uwe hoi, wazima wanawabeba wanaoumwa, hapo sawa, tunachanga. Ila dawa ikiondolewa kwenye kitita cha mafao, yaani ile orodha ya vitu bima inavyolipia, au ukafika dirishani ukaandikiwa ukanunue nje, usiniambie gharama imepungua, maana kule famasi bei iko palepale, imehama tu kutoka kwenye vitabu vya serikali ikaingia kwenye pochi ya mama mdogo.

Kwa hiyo ndugu yangu wa redio, wala sina ugomvi na wewe, ukirudi hewani sema tu malipo ya mgonjwa, tutakuelewa, hilo la mchango tuachie sisi tunaodaiwa kadi kabla ya Jumamosi.