Taa Kuwaka Si Uthibitisho: Je, Mwenye Nyumba Ajitandazie Nyaya za Umeme Mwenyewe?

Kati ya maswali yanayowafikia wakaguzi wa mifumo ya umeme wa majumbani, liko moja ambalo siku hizi huulizwa kwa msisitizo kuliko zamani: kwa nini mwenye nyumba aliyenunua vifaa halali na kutazama mafunzo ya kutosha mtandaoni azuiwe kutandaza nyaya ndani ya nyumba yake mwenyewe? Wanaouliza hivyo si wakorofi. Wengi wao wamewahi kulipa mafundi vishoka walioiacha kazi nusu, na baadhi yao wana mikono mizuri kuliko hao waliowalipa. Hata hivyo jibu letu ni kwamba asitandaze, na sababu yake si ile ambayo wengi huidhania.

Hudhaniwa kwamba tunatilia shaka uwezo wa mkono. Kukata waya, kuumenya na kukaza skrubu ni kazi ambayo mtu makini hujifunza kwa muda mfupi, na hatuna sababu ya kukana hilo. Shida ya umeme ni kwamba kazi mbovu nayo hufanya kazi. Bomba likiungwa vibaya maji huvuja na fundi huaibika siku hiyo hiyo. Nyaya zikiungwa vibaya taa huwaka, feni huzunguka, friji hugandisha, na aliyeziunga hulala akiamini kwamba amefaulu.

Chukua swichi ya taa iliyofungwa kwenye nyutro, waya unaorudisha umeme, badala ya laivu, waya unaouleta. Ukiibonyeza taa huzimika kama kawaida, lakini holda hubaki na umeme wake wote, na mtu atakayepanda ngazi kubadilisha balbu akiwa ameridhika kwamba swichi imezimwa ataingiza vidole mahali penye volti 230. Soketi isiyounganishwa na ethi, waya wa usalama unaoelekea ardhini, hali kadhalika haitofautiani na yenye ethi kwa matumizi ya kila siku, mpaka siku laivu itakapochubuka ndani ya mashine ya kufulia na kugusa bati lake.

Kiungo kilicholegea ndicho kinachotusumbua zaidi, kwa kuwa hujificha hata kwa mtu anayejua anachokitafuta. Skrubu ya soketi isipokazwa barabara, ukinzani wa mahali hapo, yaani kizuizi kwa umeme kinachopimwa kwa omu, huongezeka. Tuseme umefika nusu ya omu: birika au pasi inayovuta ampea 10 kupitia hapo itazalisha wati 50 za joto ndani ya kisanduku kidogo cha plastiki kilichozibwa ukutani, na itafanya hivyo kila inapotumika. Plastiki hubadilika rangi, kisha hukauka na kupasuka, na kihami cha waya, yaani ganda lake la plastiki, huanza kuungua. Sakitibreka, ile swichi ya kwenye bodi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi, haijikati, kwa sababu mkondo unaopita ni ule ule wa ampea 10 ambao iliwekwa iuruhusu.

Hapa inabidi tuseme wazi kuhusu imani ambayo tumeirekebisha mara nyingi mno, kwamba sakitibreka humlinda mtu. Haimlindi, kazi yake ni kulinda waya. Mtu aliyegusa laivu huku amekanyaga sakafu yenye unyevu hupitisha mwilini mkondo ambao kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya ampea moja, na sakitibreka ya ampea 16 haitambui kitu, ilhali mkondo unaozidi miliampea 30 ukidumu unatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Kifaa kinachomlinda mtu ni kile kinachohisi umeme unaovuja kwenda ardhini, ambacho mafundi hukiita RCD, na hicho nacho hakimsaidii aliyeshika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine. Ajabu ni kwamba bado wapo wanaoona sakitibreka inajikata kila mara, wakaamua kuing'oa na kuweka ya ampea 32 juu ya waya wa taa wa milimita mraba 1.5. Kwa kufanya hivyo wameuondoa ulinzi pekee uliokuwapo, na waya huo ndani ya ukuta sasa utaungua kabla ya sakitibreka kushtuka.

Imani ya pili ni ya fimbo ya ethi. Watu huchimbia fimbo ya shaba, wakaunganisha waya wa kijani na njano, wakahesabu kwamba suala la ethi limekwisha. Sakitibreka ya ampea 16 ya aina B, moja ya aina za kawaida majumbani, huhitaji hadi ampea 80 ili ijikate papo hapo hitilafu inapotokea, na kwa volti 230 hilo linataka njia nzima ya hitilafu, yaani njia ambayo umeme uliovuja hupita kwenda na kurudi, iwe na ukinzani usiozidi omu 2.9 hivi. Fimbo iliyo kwenye udongo mkavu huweza kuwa na omu 20, 50 au hata zaidi. Kwa omu 20 mkondo wa hitilafu ni ampea 11.5 tu; sakitibreka haitajikata kamwe, na bati la friji litabaki na umeme likimsubiri mtu aliguse. Kuichimbia fimbo ni sehemu ndogo ya kazi, na bila kipimo hakuna awezaye kusema kama inafaa.

Ndiyo maana kazi ya nyaya haiishi taa inapowaka. Kwa utaratibu wa viwango vya kimataifa vya mfululizo wa IEC 60364, vinavyohusu mifumo ya umeme ya majengo, vipimo huanza umeme ukiwa umezimwa. Kwanza hupimwa kama waya wa ethi umeungana bila kukatika kuanzia bodi kuu hadi kila soketi. Kisha hupimwa uhami, kwa kupeleka volti 500 za mkondo mnyoofu kati ya nyaya zenyewe, na kati ya nyaya na ethi; jibu likishuka chini ya megaomu 1 sakiti hairuhusiwi kuwashwa. Hufuata uhakiki kwamba swichi na fyuzi zote ziko kwenye laivu. Baada ya hapo ndipo umeme unawashwa, upimwe ukinzani wa njia ya hitilafu tulioueleza hapo juu, na ijaribiwe RCD ya miliampea 30, ambayo inapaswa kukata ndani ya milisekunde 300 kwenye mkondo huo. Mpangilio huu haubadilishwi kwa hiari, maana kuanza na vipimo vya umeme hai kabla ya kuthibitisha ethi ni kumhatarisha mpimaji mwenyewe. Kila jibu huandikwa kwenye hati, likiwa na saini na namba ya leseni ya aliyepima. Bisibisi ya tesa yenye taa ndogo haipimi hata kimoja kati ya hivi.

Mafunzo ya video yana upungufu mwingine, kwamba mfundishaji hajui nyumba unayoifungua. Waya mweusi Marekani ni laivu. Katika mfumo wa zamani wa Uingereza ulikuwa nyutro, na katika rangi mpya zilizoanza kutumika huko mwaka 2004 unaweza kuwa laivu ya fezi mojawapo, yaani mmoja wa nyaya tatu za laivu katika umeme wa fezi tatu, wakati buluu, iliyokuwa fezi, sasa ni nyutro. Zipo nyumba zenye rangi za zamani upande mmoja na mpya upande wa pili, ndani ya bodi moja. Anayeunganisha kwa kufuata rangi peke yake anabahatisha.

Ni kweli kwamba nchi hazilingani katika jambo hili. New Zealand humruhusu mwenye nyumba kufanya baadhi ya kazi katika makazi yake kwa masharti, yakiwemo ya ukaguzi. Uingereza kwenyewe, tangu mwaka 2005, haimkatazi, ila kazi kama kuongeza sakiti mpya au kubadilisha bodi sharti iarifiwe kwa mamlaka ya ujenzi. Wanaotutajia mifano hii kama hoja husahau kuitaja hadi mwisho: hata panaporuhusiwa mkono wa mwenye nyumba, kipimo na ukaguzi havikuachwa. Mahali ambapo sheria inataka leseni, kutandaza bila leseni ni kosa lenye faini na pengine kifungo. Mtoa huduma anaweza kukata umeme hadi kasoro irekebishwe, na bima ya nyumba huweza kukataa kulipa iwapo moto umeanzia kwenye kazi isiyo na hati.

Wala hoja ya «nyumba yangu, hatari yangu» haisimami. Jenereta iliyochomekwa kwenye soketi bila swichi ya kubadilishia, ile inayoitenga nyumba na laini ya barabarani, hurudisha umeme kwenye nyaya za barabarani, na transfoma iliyozoea kushusha volti huipandisha hadi maelfu, kwenye laini ambayo fundi aliyeko juu ya nguzo ameambiwa imezimwa.

Kubadilisha balbu, kubadilisha fyuzi ya plagi kwa yenye kiwango kile kile, na kubonyeza kitufe cha majaribio cha RCD mara kwa mara ni kazi zako, na tunasihi uzifanye.

Kama tayari umetandaza mwenyewe, usibomoe wala usifiche. Zima sakiti hiyo kwenye bodi, andika ulipopitisha nyaya, ukubwa wake, na hasa viungo vilivyofunikwa na plasta, kisha mwite fundi mwenye leseni aipime yote kabla haijawashwa tena. Kabla hujamlipa salio, mwombe hati ya vipimo yenye namba za kila sakiti. Hati iliyoandikwa «sawa» peke yake, bila namba hata moja, irudishe kwake.